Fuvu lenye mabawa ni la nini? Maswali yenu kuhusu alama za makaburini

Toleo lililopita tuligusia aya moja tu kuhusu alama zinazochongwa kwenye mawe ya makaburi ya zamani, kumbe tumechokoza nyuki, meseji zimemiminika mpaka maswali ya mada zingine yamelala kiporo. Nimechagua haya, yanayofanana nimeyaunganisha, na majina nimeacha yale mliyojipa wenyewe.

Kabla sijaanza, ombi moja jamani. Wengi wenu mnaniuliza "hii alama maana yake nini" halafu basi, hamsemi jiwe la mwaka gani wala liko nchi gani. Alama moja inaweza kuwa dini kwa huyu, kazi kwa yule, na kwa wa tatu ni fasheni tu aliyoikuta kwa fundi. Kwahiyo mkituma picha tumeni jiwe zima, na maandishi yaonekane, msinikatie kipande cha juu peke yake.

*

*Shikamoo Anko. Nimeona picha ya jiwe la kaburi huko Marekani lina fuvu la kichwa limeota mabawa, meno yote nje. Rafiki yangu anasema hapo kazikwa haramia, mwingine anasema ni mtu aliyekufa kwa tauni. Nani mkweli? — Mdadisi*

Marahaba Mdadisi. Hakuna mkweli hapo, wote wawili wamekupiga fiksi.

Fuvu lenye mabawa ndo alama iliyotamba kuliko zote kwenye makaburi ya Massachusetts na majimbo ya jirani kuanzia karne ya 17 mpaka katikati ya karne ya 18. Ukiingia Granary Burying Ground pale Boston, makaburi yaliyoanza kutumika mwaka 1660, unayakuta yamejipanga, mawe membamba ya rangi ya kijivu giza na juu ya kila jiwe fuvu linakutolea macho. Waliozikwa pale ni wachungaji, wafanyabiashara, akina mama, watoto, watu wa kawaida kabisa. Wengi walikuwa Wapuritani, Waprotestanti wakali ambao hawakutaka sanamu wala picha za watakatifu kanisani, lakini kwenye jiwe la kaburi waliruhusu hilo fuvu kwasababu kazi yake ilikuwa kumkumbusha anayepita kwamba na wewe zamu yako inakuja. Mabawa ni roho kuondoka, au muda kuruka, inategemea nani anakueleza. Mara nyingi pembeni utaona na saa ya mchanga, nayo ujumbe ni uleule, dakika zinakwisha bwana.

Sasa kinachonifurahisha mimi ni kilichofuata. Ukitembea kwenye hayo makaburi huku unasoma miaka, unaona fuvu linabadilika taratibu. Kadiri karne ya 18 inavyosogea linaanza kupata nyama, meno yanapotea, mdomo unatokea, mwisho limekuwa uso wa malaika mnene mwenye mashavu, mabawa yako palepale. Halafu mwishoni mwa karne hiyo mpaka ndani ya karne ya 19 uso nao unaondoka, unakuja mtungi na mti wenye matawi yanayoning'inia mpaka chini. Miaka ya 1960 watafiti wawili, James Deetz na Edwin Dethlefsen, walikaa wakayahesabu mawe hayo makaburi baada ya makaburi, wakaonyesha jinsi mtindo mmoja unavyopanda, unashika, halafu unakufa mwingine ukichukua nafasi, na jinsi mitindo mipya ilivyoanzia mjini ikachelewa kufika vijijini. Kwa watu wa mambo ya kale ilikuwa zawadi manake jiwe la kaburi lina tarehe juu yake, sio kama kigae cha chungu unachokiokota halafu unakisia.

Wapo wanaosema badiliko lile ni imani yenyewe ilikuwa inalegea, watu wameacha kuogopa moto wameanza kutumaini mbingu. Wengine wanasema ni fundi mmoja kaanza, mwenzake kaiga. Mi naona yote mawili, ila fundi huwa tunamsahau mno kwenye hizi hadithi.

Na maharamia? Fuvu na mifupa miwili iliyopishana vilikuwepo kwenye makaburi ya Scotland na Uingereza karne ya 17, kabla hawa jamaa hawajaanza kuipeperusha kwenye bendera zao, kitu kilichoshika kasi mwanzoni mwa karne ya 18. Yani haramia ndo alichukua alama ambayo kila mtu ameshaijua kanisani kwao kwamba ni kifo. Akiipandisha mlingotini hakuna haja ya kupiga kelele.

*

*Anko mambo vipi. Mikono miwili inayoshikana kama watu wanasalimiana, ipo kwenye mawe mengi ya zamani. Mume wangu anasema ni watu waliokuwa na biashara pamoja, mi nimembishia. Niamulie. — Mama Mbishi*

Poa Mama Mbishi, na leo umeshinda.

Angalia mikono ya nguo, sio vidole. Kwenye mawe mengi ya karne ya 19 ukisogea karibu utaona mkono mmoja unatoka kwenye koti la kawaida, limenyooka, labda na kifungo, na mwingine unatoka kwenye kitu chenye lesi au marinda. Hao ni mume na mke. Kama nguo zote mbili ni sawasawa hapo inaweza kuwa ni ndugu, au marafiki, au ni kuagana tu na dunia. Halafu tazama namna zinavyoshikana, kuna mawe mkono mmoja umekamata na wa pili umenyooka vidole kama hauna nguvu, na huo uliolegea wengi wanausoma kama wa marehemu, mwenzake ndo bado hataki kuachia. Nikiri hilo huwa linanigusa.

Alama yenyewe ni ya zamani sana. Makaburi ya Athens ya karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo yana mawe ya namna hiyo, marehemu amekaa kwenye kiti, mtu wa familia amesimama mbele yake, wamepeana mkono wa kulia, hakuna anayelia. Ukiangalia haraka huwezi hata kujua aliyekufa ni yupi.

Lakini kaburi la mikono linalonimaliza kabisa liko mji wa Roermond, Uholanzi. Kulikuwa na kanali wa jeshi anaitwa van Gorkum, Mprotestanti, akamuoa Josephina van Aefferden mwaka 1842, binti wa familia ya kikabaila ya Kikatoliki, na enzi hizo ndoa ya hivyo ilikuwa maneno mji mzima. Makaburi pale yalikuwa yamegawanywa kwa ukuta, Wakatoliki huku Waprotestanti kule. Kanali akafariki 1880, akazikwa upande wake, akasogezwa mpaka ukutani. Mama akafariki 1888, kaburi la ukoo wao lipo linamsubiri, yeye alishakataa, alitaka azikwe upande wake wa Kikatoliki lakini ukutani, mkabala na mumewe. Basi kila kaburi likajengewa mnara mrefu kuupita ukuta, na kwenye kila mnara umetoka mkono wa jiwe, inakutana juu ya ukuta imeshikana. Sheria imefuatwa, hakuna aliyezikwa upande usio wake. Mpaka leo watu wanaenda kupiga picha.

Mwambie mumeo hiyo ndo biashara yao.

*

*Anko mimi swali langu ni fupi. Mwanakondoo aliyelala juu ya jiwe dogo? — Msomaji wa kimya*

Mtoto. Mara nyingi mtoto mdogo sana. Mwanakondoo kwa Wakristo ni Yesu mwenyewe na pia ni asiye na hatia, na kwenye makaburi ya karne ya 19 alibaki kuwa wa watoto, pamoja na ua ambalo halijachanua au ua lililokatwa shina. Wengi walichongwa kwenye marumaru laini, mvua imewala, siku hizi anaonekana kama donge tu la jiwe lililolala. Ukiona donge jeupe juu ya jiwe dogo jua ni yeye.

*

*Anko tuambie ukweli bila kutuficha. Nguzo iliyovunjika, mnara wenye ncha kama wa Misri, nyoka anajing'ata mkia, jicho, minyororo mitatu, hivi vyote si vya Freemason? Mi nimeona video nyingi zinaeleza. — Macho Wazi*

Ndugu yangu Macho Wazi, nilijua utakuja. Hili swali nimelipata kutoka kwa watu wengi, wengine wameweka na alama za mshangao za kutosha kujaza ukurasa.

Freemason wapo, na makaburi yao yapo, na wala hawakujificha. Alama yao ni skwea ya fundi na bikari vimepishana, mara nyingi na herufi G katikati, ambayo wao wenyewe wanaieleza kuwa ni Mungu na ni jiometri kwa Kiingereza chao. Ukiona hivyo vyote pamoja kwenye jiwe la karne ya 19, sawa, huyo alikuwa mwanachama, na familia yake ilitaka ujue. Mtu anayetaka kuficha hachongi kwenye marumaru.

Hivyo vingine ulivyotaja sasa. Nguzo iliyovunjika ni maisha yaliyokatika kabla ya wakati, au aliyeondoka ndo alikuwa nguzo ya nyumba. Freemason nao wanayo kwenye mambo yao, lakini imewekwa juu ya makaburi ya watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wao. Mnara wa Misri ulikuwa fasheni, Napoleon alipoingia Misri mwaka 1798 akaenda na wasomi na wachoraji, michoro yao ikasambaa Ulaya, kila tajiri akataka kitu cha Kimisri, kaburi likiwemo. Na mnara una faida nyingine ambayo video hazisemi, unachukua nafasi ndogo chini halafu unaonekana toka mbali. Nyoka anayejing'ata mkia ni umilele, hana mwanzo hana mwisho, ni alama ya zamani za kale huko Misri na Ugiriki. Jicho lenye miale ni Mungu anayeona yote, lilichorwa makanisani kabla ya hivyo vyama.

Minyororo mitatu hapo umenichekesha manake umekaribia. Pete tatu zilizoungana, mara nyingi na herufi F, L na T, ni za Odd Fellows, na herufi zinasimama badala ya urafiki, upendo na ukweli. Hicho kilikuwa chama cha kusaidiana, mwanachama akiugua anachangiwa, akifa anazikwa, wajane wanaangaliwa. Siri yao kubwa ilikuwa michango ya kila mwezi.

Na kama unataka kitu cha ajabu kweli nikupe hiki. Marekani kuna makaburi yenye jiwe limechongwa kama kisiki cha mti, magamba yote yanaonekana, matawi yamekatwa, wakati mwingine na shoka na nyundo pembeni. Mtu wa video angesema ni madhabahu. Mengi ni ya Woodmen of the World, chama kilichoanzishwa na Joseph Cullen Root mjini Omaha, Nebraska mwaka 1890, na kilikuwa chama cha bima ya maisha. Ndani ya huduma zao kulikuwa na jiwe la kaburi la mwanachama. Hata maneno ya Kilatini unayoyakuta pale, Dum Tacet Clamat, yani amenyamaza lakini bado anasema, ni kauli mbiu ya watu wa bima hao. Ila sio kila kisiki ni chao, visiki vingine ni vya watu waliopenda tu mtindo, kwahiyo tafuta nembo kwanza.

Tena nenda Scotland uone zana. Mawe ya karne ya 17 na 18 kule yamejaa zana za kazi za marehemu, fundi cherehani ana mkasi na pasi, mhunzi ana nyundo yenye taji juu, fundi viatu ana kisu cha nusu mwezi nacho kina taji, muoka mikate ana koleo la kuingizia mikate kwenye tanuri. Sasa huko seremala na muashi nao wanakuja na skwea na bikari, na hao ni waashi wa kweli, wenye vumbi la mawe kwenye nguo. Wengi hawakujua kusoma, jiwe lenye mkasi kila mtu analielewa. Ukipeleka hapo akili ya video utamgeuza fundi cherehani wa watu kuwa mkuu wa dunia.

*

*IHS ni kifupi cha nini? Nimeambiwa ni maneno ya Kiingereza. — Kwaya*

Sio Kiingereza. Ni herufi tatu za mwanzo za jina la Yesu kwa Kigiriki, iota, eta na sigma, zilizoandikwa kwa herufi za Kilatini. Maelezo mengine yote yalikuja baadaye.

*

*Shikamoo Anko. Kwenye makaburi ya Wayahudi niliona picha ya viganja viwili vimepanua vidole, na jiwe lingine lina bata. Nilidhani Wayahudi hawachori wanyama. — Mwanafunzi wa historia*

Marahaba mwanangu, swali zuri sana.

Viganja ni vya kohanim, watu wa ukoo wa kikuhani unaohesabiwa toka kwa Haruni. Wanapobariki watu kwenye sinagogi wanainua mikono na kutenganisha vidole namna hiyohiyo, kwahiyo jiwe linakuambia aliyelala hapo alikuwa mtu wa ukoo huo. Ukiona birika au jagi la maji hapo ni Mlawi, manake Walawi ndo huwanawisha makuhani mikono kabla ya baraka. Kinara cha mishumaa mara nyingi ni mwanamke, kwasababu kuwasha mishumaa ya Sabato ni kazi ya mama wa nyumba.

Bata wako nadhani alitoka Prague, kwenye Makaburi ya Kale ya Wayahudi. Pale kuna mawe kama 12,000 yamebanana na kuinamiana vibaya mno, la zamani kuliko yote ni la mwaka 1439 na mazishi yalikoma 1787. Eneo lilikuwa dogo, wafu hawahamishwi, wakawa wanaongeza udongo juu na kuzika tena, mawe ya chini wanayapandisha, ndo maana yamesongamana vile. Wanyama pale ni majina. David Gans, mwanahistoria na mtaalamu wa elimu ya nyota aliyefariki 1613, jiwe lake lina bata bukini kwasababu ukoo wake Gans kwa Kijerumani ndo bata bukini mwenyewe. Simba ni wa akina Yuda, na Rabi Loew maarufu aliyefariki 1609, jina lake Yuda, anaye simba wake. Paa, dubu, jogoo, wote hao kawaida ni majina ya watu au ya koo, sio ibada.

*

*Makaburi ya Istanbul mbona mawe yana vilemba kabisa? — Msafiri wa kwenye simu*

Kwasababu kilemba ndo kilikuwa kitambulisho. Enzi za Dola ya Osmani jiwe la mwanaume lilichongwa na kofia yake juu, na kila cheo kilikuwa na kofia yake, kwahiyo mtu akipita makaburi ya Eyüp au Karacaahmet pale Istanbul anajua huyu alikuwa shekhe, huyu karani, huyu askari, hata kabla hajasoma neno. Wanawake mawe yao yana maua, na mengine yamechongwa mkufu sehemu ya shingo. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili akawaamuru watumishi wa serikali wavae tarbushi, na mawe yakafuata, vilemba vya maofisa vikapungua tarbushi zikajaa, masheikh wakabaki na vilemba vyao. Ukikuta tarbushi ya jiwe basi ujue uko miaka hiyo au baada yake. Na kama maandishi ni ya herufi za Kilatini ni baada ya 1928, Uturuki ilipobadilisha herufi.

*

*Anko, mtungi umefunikwa kitambaa na mwenge umegeuzwa chini. Marehemu alichomwa moto? — Tata*

Hapana Tata, na hapa wengi wanateleza. Mtungi ni wa majivu kweli, umeigwa kwa Wagiriki na Warumi, lakini watu wa karne ya 19 waliouweka juu ya makaburi yao walizikwa na mwili wao mzima. Uingereza kwa mfano mitungi ilijaa makaburini miaka mingi kabla mtu wa kwanza hajachomwa rasmi kwenye tanuri la Woking, na hiyo ilikuwa mwaka 1885. Ulikuwa ni urembo wa kisomi. Kitambaa ni pazia kati ya walio hai na wafu, wengine wanasema ni nguo ya msiba. Mwenge ulioinama ni uhai umezimika, lakini mchongaji akiuonyesha bado una ndimi za moto hata ukiwa kichwa chini, hapo anakuambia roho bado inawaka. Angalia moto kwanza kabla hujaamua.

*

*Nina mawe ya zamani nataka kuyasoma ila maandishi na michoro vimefutika. Watu wananiambia nipake chaki, unga au povu la kunyolea ndevu. Nifanyeje? — Mtafuta ukoo*

Usipake hata kimoja, nakuomba. Povu la kunyolea lina asidi, linaingia kwenye vinyweleo vya jiwe na halitoki hata ukisuuza. Unga ni chakula cha kuvu na wadudu. Chaki inakwaruza na kubaki. Dawa ya kufulia nguo nyeupe ndo mbaya kabisa, na brashi ya waya usinitajie, marumaru ya miaka 150 kwa brashi ya waya unaondoka na ile herufi uliyokuja kuisoma.

Unachohitaji ni mwanga wa pembeni. Nenda asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini, au subiri giza liingie uchukue tochi ya simu, uiweke ubavuni mwa jiwe karibu kabisa iangaze sambamba na uso wake, sio kutokea mbele. Vivuli vinaingia kwenye mikwaruzo na ghafla unaona mkono, tarehe, jina. Mwenzako ashike tochi, wewe piga picha, sogezeni tochi upande mwingine, piga tena. Mchana wa jua kali tumia kioo, simama pembeni urudishe mwanga kwenye jiwe kwa ubavu, kinafanya kazi vizuri mno. Kama kuna udongo, maji safi na brashi laini ya nywele, toka chini kwenda juu, na kwanza omba ruhusa ya wenye makaburi. Jiwe likitoa sauti ya uwazi ukiligonga kidogo kwa kidole, au linabanduka tabaka, usiliguse hata kwa maji, piga picha uondoke.

Ukishapata picha nitumie, jiwe zima kama nilivyosema.